Hati ya Ardis na Tarumbeta ya Betri

"Kina kinywa, hakina ulimi," alisema Ardis. "Kikilia, wanaume wanavua kofia."

Alikuwa amesimama jikoni akigeuza mayai. Kila asubuhi alitega kitendawili kabla ya kahawa. Anayeshindwa anaosha vyombo. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba tangu yeye na Corinne walipoanza kuishi pamoja, wote wakiwa na nywele nyeusi. Baadaye nywele zilipata mvi, na wawili hao wakafunga ndoa mahakamani. Sheria ya vyombo haikubadilika.

"Kengele ya kanisa," alijibu Corinne.

"Kengele ina ulimi. Ndio unaogonga."

"Basi mke wa pasta. Akilia, kila mtu anasimama."

"Acha masihara! Nipe mji."

"Chukua Green Bay."

Ardis alicheka, akamkabidhi sufuria chafu. "Green Bay nimeikubali. Lakini jibu sikupi. Utafute mwenyewe."

Ardis Halvorsen alikuwa anakaribia miaka sabini. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha jibini. Katika mji mdogo wa Torvald, jimbo la Wisconsin, kila mtu alimjua kwa tarumbeta yake. Jioni aliipigia kwenye zizi la zamani nyuma ya nyumba, na ng'ombe wa jirani walisogea uani kusikiliza. Pasaka aliipiga kanisani. Harusini aliipiga mpaka babu na bibi wakatupa mikongojo na kucheza polka.

Mahali pamoja tu hakuwahi kupiga. Ni pale kilimani, kwenye makaburi ya askari.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kuwakumbuka askari waliokufa, mwishoni mwa Mei. Mji mzima ulipanda kilimani na bendera ndogo ndogo. Ardis na Corinne walisimama nyuma kabisa, karibu na uzio, kama kawaida yao.

Mbele walisimama wazee wa kikosi cha heshima. Kiongozi wao alikuwa Gordy Pflueger, jirani yao, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Gordy alishika tarumbeta inayong'aa. Lakini Gordy hakujua kupiga tarumbeta, wala mwenzake yeyote kikosini hakujua. Siku hizi wapigaji ni wachache, na miji mingi inatumia ujanja mmoja. Ndani ya mdomo wa tarumbeta kunawekwa kamashine kenye betri. Mtu anabonyeza kitufe, anaweka tarumbeta mdomoni, na wimbo wa buriani unajiimba wenyewe. Kazi yake ni kuvimbisha mashavu.

Gordy alibonyeza. Wimbo ulianza vizuri. Watu waliinamisha vichwa.

Ghafla sauti ikaanza kuzama. Ikawa kama ya ng'ombe mwenye mafua. Halafu ikakatika kabisa.

Gordy hakutambua mapema. Mashavu yake yalikuwa bado yamevimba. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo. Bi kizee mmoja aliyeshika picha ya mumewe akatazama chini, midomo ikimtetemeka.

Ardis alijua kila noti iliyobaki. Vidole vyake vilijipiga pajani, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho wa wimbo. Corinne aliviona.

Baada ya sala, Gordy alikuja moja kwa moja uzioni. Alikuwa mwekundu kama nyanya.

"Ardis, umeona aibu hiyo?"

"Nimeisikia. Badilisheni betri."

"Nilibadilisha! Sasa nisikilize wewe mwanamke. Ulikuwa bendi ya jeshi. Unaishi hatua chache kutoka hapa. Kwa nini tunawazika wenzetu kwa betri? Niletee hati yako ya kuachishwa jeshi, usimame nasi. Kanuni ya kikosi ni hiyo tu: hati iwe ya heshima."

"Imepotea, Gordy."

"Mwaka jana ulisema imeliwa na panya."

"Ndiye aliyeipoteza."

Gordy alitikisa kichwa na kuondoka. Ardis alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

Hati haikuwa imepotea, wala panya hakuijua. Ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, chini ya nyuzi za kufumia. Corinne alilitoa kopo jioni hiyo akaliweka mezani.

"Leo natega mimi," alisema. "Ukikificha kinakuuma. Ukikitoa unapona."

"Mwiba," alisema Ardis upesi.

"Ndiyo. Na mwiba wako uko humu."

Ardis alilitazama kopo. Alikuwa msichana mdogo alipojiunga na jeshi. Alipiga tarumbeta kwenye bendi, akapandishwa cheo, akasifiwa mbele ya gwaride. Kisha mtu akamwona kwenye jumba la sinema ameshikana mikono na mwanamke mwenzake. Wakubwa wakamwita. Wakamhoji. Wakati ule sheria ilikataza askari kumpenda mtu wa jinsia yake. Wakamwachisha jeshi. Katika hati yake waliandika kwamba utumishi wake haukuwa wa heshima. Chini yake wakaandika na sababu, wazi kabisa, kila atakayeishika aisome.

Tangu siku ile hakuwahi kumwonyesha mtu hati hiyo. Aliomba kazi nyingine zilizotaka hati, akaziacha. Kiwanda cha jibini hakikumuuliza kitu.

"Sheria ile ilifutwa zamani, Ardis," alisema Corinne. "Mwaka elfu mbili na kumi na moja."

"Najua. Lakini karatasi haijui."

"Basi tukaiambie. Umesahau alivyosema daktari wa meno? Meno yako ya mbele yanalegea. Mpiga tarumbeta bila meno ya mbele ni nini?"

"Mpiga ngoma," alisema Ardis. Wote wawili wakacheka. Lakini Ardis alipitisha ulimi kwenye meno yake, taratibu, kama mtu anayehesabu mali iliyobaki. Alitaka kupiga wimbo ule kilimani mara moja tu, na vizuri. Baada ya hapo meno yaende yanakotaka.

Jumatatu walikwenda makao ya kaunti, kwenye ofisi ya kuwasaidia maveterani. Ofisa aliitwa Bao Xiong. Wazazi wake walikuwa Wahmong, wakimbizi wa vita kutoka ng'ambo, na yeye alizaliwa hapo hapo Wisconsin. Alikuwa fundi wa magari jeshini kabla ya kupata kazi hii. Ardis alimjua tangu akiwa mtoto wa bendi ya shule, maana alimfundisha yeye mwenyewe.

"Mwalimu!" aliita Bao. "Karibu. Bado nakumbuka uliniambia napuliza kama mtu anayepoza uji."

"Ulikuwa unapuliza hivyo hivyo."

Ardis aliweka kopo la biskuti mezani. Bao alifungua kifuniko akitarajia biskuti. Aliisoma hati kimya. Alipoinua macho, hakuwa na mshangao wala huruma ya kupindukia. Alivuta kalamu.

"Hii inasahihishwa," alisema.

"Lakini sheria si ilibadilika? Nilidhani kama inabadilika, inajibadilisha yenyewe."

"Wengi wanadhani hivyo. Wako waliofikiwa na jeshi lenyewe, likawasahihishia. Lakini usikae ukingoja, mwalimu. Njia ya uhakika ni mwenye hati kuomba. Kama hayupo tena, hata familia yake inaweza kuomba."

"Wakili anataka kiasi gani?" aliuliza Corinne.

"Kuomba ni bure. Msaada wangu ni bure. Kesi ikiwa ngumu, wako mawakili wanaosaidia maveterani bila malipo. Mtu akikudai ada ya fomu, mfukuze."

"Nimechelewa mno," alisema Ardis. "Ni miaka mingi."

Bao alichora mistari miwili kwenye karatasi. "Sikiliza. Aliyeachishwa jeshi ndani ya miaka kumi na mitano iliyopita anaanza na bodi ya kupitia uachishwaji. Ikizidi hapo, kama wewe, unakwenda kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Fomu zao ni tofauti, tusizichanganye. Na kweli, bodi yako ina muda wake. Inataka uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Lakini inaweza kusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki. Kwenye fomu unaeleza kwa nini umechelewa."

"Nieleze nini? Kwamba niliona haya?"

"Ndiyo," alisema Bao. "Andika hivyo hivyo."

Ardis aligeukia dirishani. Corinne alimpa kitambaa, ingawa hakukiomba.

Bao aliwapa kazi tatu. Kwanza, waagize faili la Ardis kutoka hifadhi ya taifa ya kumbukumbu za askari. Pili, watafute mtu aliyetumikia naye, aandike alivyomwona kazini. Tatu, Ardis aandike maelezo yake mwenyewe.

Faili lilichukua wiki kadhaa. Shahidi alipatikana haraka zaidi. Alikuwa Odessa Pruitt, mpiga ngoma wa bendi yao, sasa anaishi Alabama. Sauti yake kwenye simu ilimfanya Ardis aisogeze mbali na sikio.

"Ardis Halvorsen! Bado unaharakisha noti ya tatu?"

"Bado unachelewa wewe na ngoma zako?"

"Nilikuwa nakungoja upumue, mtoto wewe! Sasa niambie unataka niandike nini. Nimekuwa na mambo ya kusema tangu walipokutoa mlangoni na begi lako. Sikusema siku ile. Niliogopa. Leo siogopi mtu."

Kazi ya tatu ndiyo iliyomshinda Ardis. Aliandika, akafuta, akaandika. Mwishowe alipeleka ukurasa mmoja pamoja na fomu aliyoijaza nyumbani. Bao alisoma kwa sauti.

"'Waheshimiwa, samahani sana kwa kuwasumbua. Najua mna kazi nyingi. Mimi sikuumia sana, wako walioumia zaidi. Kama haiwezekani, msijali kabisa. Mkipita Torvald, karibuni kwa keki.'" Bao alishusha karatasi. "Mwalimu, hii ni ombi au ni kadi ya kualika?"

"Mama alinilea na adabu."

"Adabu ya huku itatuua," alisema Bao. "Mtu wa Torvald akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Hapa wewe ndiye uliyekanyagwa. Bodi haiwezi kukupa haki ambayo wewe mwenyewe unasema huihitaji. Eleza: ulifanya kazi gani, ulisifiwa lini, walikutoa kwa nini, na imekugharimu nini."

"Na keki?"

"Keki niletee mimi."

Kisha Bao akaangalia fomu, akakunja uso. "Hapa umeomba utumishi wako uandikwe kuwa wa heshima. Vizuri. Na sababu je?"

"Sababu gani?"

"Kisanduku cha chini. Bodi inaweza kukupa heshima, halafu sababu ya zamani ikabaki pale pale. Hati itasema, 'Huyu ni askari mwema,' na mstari wa chini utamwambia kila mtu unampenda nani. Wako watu waliachishwa kwa heshima tangu mwanzo, lakini mpaka leo wanaficha hati zao kwa ajili ya mstari huo. Uombe vyote kwa mara moja: daraja la utumishi, sababu, na zile alama za herufi na namba zinazokwenda na sababu. Usisahau hata kimoja."

Corinne alipiga meza. "Kumbe tungekwenda kisimani tukarudi na nusu ndoo!"

"Kuna jingine," alisema Bao. "Bodi itatazama kama faili lako lina kosa tofauti, lisilohusu mapenzi. Je, lipo?"

Ardis alijikuna shingo. Masikio yake yakawa mekundu.

"Lipo moja."

Corinne aligeuka. "Lipi? Mimi silijui!"

"Siku ya kuzaliwa ya kanali. Nilitakiwa kupiga wimbo wa kuwaamsha askari alfajiri. Nikapiga polka."

Bao aliweka kalamu chini.

"Kambi nzima?" aliuliza Bao.

"Kambi nzima. Wapishi walicheza na masufuria. Nilipewa onyo, nikasafisha vyoo."

Bao alilaza kichwa mezani akacheka mpaka mabega yakatikisika. Alipopata pumzi alisema, "Liandike. Wataliona kwenye faili hata ukilificha. Ukilisema mwenyewe, watajua unasema kweli na mengine yote. Na polka si uhaini."

Ardis aliandika upya usiku huo. Hakuomba radhi hata mara moja, isipokuwa kwa kanali. Aliweka nakala ya kila karatasi ndani ya kopo la biskuti, kama Bao alivyomwagiza. Kisha wakatuma.

Bodi haina haraka. Majani yalianguka, theluji ikaja, ziwa likaganda. Wavuvi wa barafu walijenga vibanda vyao juu ya maji magumu. Ijumaa jioni watu walikula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa maveterani, na Gordy aliuliza swali lile lile.

"Panya ameirudisha hati?"

"Bado anaisoma," alijibu Ardis.

Kila jioni alipiga tarumbeta zizini, shali shingoni. Alipiga wimbo mmoja tu, ule wa buriani. Ng'ombe waliuzoea. Jino moja la mbele lilizidi kulegea, naye akajifunza kuegemeza tarumbeta upande.

Bahasha ilifika Aprili, theluji ikiyeyuka. Ardis hakuweza kuifungua. Corinne aliifungua kwa kisu cha siagi.

"Soma," alisema Ardis. "Anza na mbaya."

Corinne alisoma, midomo ikienda bila sauti. "Mbaya haipo. Utumishi: wa heshima. Sababu: kwa mamlaka ya wizara. Basi! Hawakusema jingine." Akageuza ukurasa, akaanza kucheka. "Hee, Ardis! Na alama nayo wamebadilisha. Inasema unaruhusiwa kujiunga tena na jeshi."

"Waambie goti limekataa."

Ndipo akaketi kwenye kiti cha jikoni, akaishika hati kwa mikono miwili. Alilia kidogo. Halafu akaosha vyombo, ingawa siku hiyo haikuwa zamu yake.

Ijumaa hiyo aliiweka hati mbele ya Gordy, kando ya sahani ya samaki. Gordy alivaa miwani. Alisoma juu mpaka chini, akageuza nyuma, akarudi mbele.

"Sioni ubaya humu. Kwa nini miaka yote ulimsingizia panya?"

"Hiyo ni mpya. Ya zamani ilisema walinifukuza kwa sababu nampenda mwanamke."

Gordy aliweka uma chini. Alimtazama Ardis. Alimtazama Corinne, ambaye alikuwa anamalizia kabichi yake.

"Basi ni hilo tu? Nimekuwa jirani yenu tangu watoto wangu wanatambaa! Mimi nilidhani uliiba kifaru."

Meza nzima iliangua kicheko. Gordy hakucheka. Aliikunja hati kwa uangalifu akamrudishia Ardis. Sauti yake ya kuita ng'ombe ikawa ndogo.

"Ungeniambia, ningekuendesha mwenyewe mpaka ofisi ya kaunti. Samahani, Ardis. Nilikuwa nauliza hati, sikukuuliza wewe."

Jumatatu yake, Gordy alibandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi, kwa herufi kubwa: "Hati yako ya jeshi ina neno baya la zamani? Inasahihishwa. Ni bure. Nenda kwa Bao. Sisi hatuulizi sababu." Kabla mwezi haujaisha, mzee mmoja wa kijiji cha pili aliegesha gari mbele ya nyumba ya Ardis. Alikaa ndani ya gari kwa muda, bahasha mapajani. Ardis alimfuata na kikombe cha kahawa.

"Ingia ndani," alimwambia. "Na ukianza kuandika, usiombe radhi."

Siku ya kuwakumbuka askari ikarudi. Kilima kilijaa bendera. Safari hii Corinne alisimama peke yake uzioni. Akaona si mahali pake tena, akapenya katikati ya watu mpaka mbele.

Ardis alisimama na wazee, kofia ya kikosi imemkaa upande. Kando yake Gordy hakushika kitu. Tarumbeta ya betri ilibaki garini.

Ardis aliinua tarumbeta yake, akaiegemeza upande wa jino zima. Akavuta pumzi.

Wimbo ulipanda taratibu. Haukuwa na mkwaruzo wa mashine. Noti moja ilitetemeka kidogo, kama sauti ya mtu anayemwita mwenzake. Wanaume wakavua kofia, mmoja mmoja, mpaka safu ya mwisho. Bi kizee mwenye picha ya mumewe aliinua uso. Aliuweka juu hivyo hivyo mpaka noti ya mwisho ilipoyeyuka hewani.

Ardis alishusha tarumbeta. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Corinne.

"Noti ya tatu uliiharakisha," alimnong'oneza.

"Odessa amekutuma?"

Corinne alimfuta machozi kwa kiganja, kisha akajifuta na yeye. "Kitendawili chako nilikijua tangu siku ile ya mayai. Nilikuwa nangoja nikisikie kikilia hapa." Akanyoosha mkono. "Sasa nirudishie Green Bay yangu."